Ziwa Tanganyika: mchanga unaouzwa kwa kamioni ndio ukuta wa kijiji

Kati ya Uvira na Baraka, barabara ya kitaifa nambari 5 inafuata Ziwa Tanganyika. Katika vijiji vya kando, mawimbi yanakula mashamba na misingi ya nyumba, na wengi wanasema kosa ni la ziwa.

Ni kweli maji ilipanda sana 2020 na 2021, kisha tena 2024. Wazee wanakumbuka ya 1964. Maji ya ziwa ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Mchanga na matete vikiuziba, maji inakawia kutoka. Hiyo ni kazi ya serkali ya Congo pamoja na Burundi, Tanzania na Zambia. Kijiji hakiiwezi.

Lakini mchanga wa pale kando uko mikononi mwa kijiji. Mito inayoshuka milimani inaleta vitu viwili. Mchanga mzito unabaki karibu na mdomo wa mto, na mawimbi yanautandaza kando ya ziwa. Juu yake wimbi linachoka mbele ya kufika kwenye nyumba. Udongo mwepesi wenyewe unaenda ndani ya maji na kufunika mawe pale samaki wanazalia. Wa kwanza unalinda, wa pili unaharibu.

Sasa watu wanafanya kinyume. Wanapakia mchanga wa ziwa kwenye kamioni juu ya kujenga, na huko juu miti inakatwa kwa makala, udongo unashuka. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulishusha mawe na matope katika Uvira, watu wakafa, nyumba nyingi zikabomoka.

Mwenye franga anajenga ukuta wa mawe. Wimbi linagonga, linachimba chini ya ukuta, kisha linakula kwa jirani.

Wakati mubaya unajulikana: Aprili na Mei ziwa liko juu, kisha upepo wa kiangazi kutoka kusini unaanza kusukuma mawimbi. Kuchimba mchanga miezi hiyo ni kubomoa ukuta mwizi akiwa njiani.

Magumu ni kwamba vijana wanaochimba wanalisha watoto kwa kazi hiyo. Kuwakataza tu haitoshi. Machefu wanapashwa kuketi nao na kuwaonyesha pahali pengine, kama chini ya madaraja, ambako mchanga umejaa na kuutoa kunasaidia maji kupita. Siku ya salongo, matete yapandwe kando ya ziwa na mianzi kwenye miteremko.

Barabara ikikatika, unga haufiki Baraka na samaki hawafiki Uvira. Bei ya kamioni moja ya mchanga haijahesabu hasara hiyo.