Tshopo: Koltani ya Bafwasende na plastiki mpya ya kuhifadhi umeme

Katika machimbo ya wilaya ya Bafwasende, mashariki mwa Kisangani, wachimbaji wadogo wanachimba koltani ambayo mwisho wake wengi hawauoni. Inakwenda kutengenezwa kapasita, kifaa kidogo ndani ya simu na kompyuta kinachoweka chaji ya umeme na kuitoa haraka. Tantali, inayotoka katika koltani, ndiyo inaruhusu chaji nyingi kukaa mahali padogo.

Lakini chaji inawekwa pia katika utando mwembamba wa plastiki. Magari ya umeme yanatumia sana ule wa polipropileni. Udhaifu wake ni joto: likipita digrii 100 hivi, chaji inavuja, kwa hiyo lazima upozwe. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, walieleza katika jarida la Nature utando wa polima uliochanganywa na vipande vyembamba sana vya nitridi ya boroni. Huo unafanya kazi hata kwenye digrii 250.

Je, plastiki hiyo itaua soko la koltani? Si kwa sasa. Utando unafaa umeme wa nguvu nyingi, lakini unachukua nafasi kubwa. Katika simu hauwezi kukaa pahali pa tantali.

Hata hivyo, viwanda havifungwi na madini moja. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda kupita kiasi. Viwanda vikageukia kapasita za seramiki pale ilipowezekana, na mwaka 2001 bei ikaporomoka. Huko Kivu, hasara iliwaangukia watu walioacha mashamba yao kwa ajili ya machimbo.

Tangu Novemba 2018, serikali ya Kongo inahesabu koltani kuwa madini ya kimkakati, yenye redevansi ya asilimia 10. Kwa sheria, robo ya redevansi ni ya jimbo, na asilimia 15 ni ya sekta au usultani wa mahali. Koltani inayotoka kwa magendo haiachi hata franka moja ya mgao huo.

Hilo ndilo la kuamuliwa Kisangani na Bafwasende: kuhakikisha kila gunia linaandikwa, na mgao unajenga barabara na shule wakati wanunuzi wangali wanakuja. Siku viwanda vitakapopata kitu kingine, havitaomba ruhusa kwa mchimbaji.