JIKO KATIKA KIBANDA CHA ASKARI



Miezi ya baridi haipiti hapa Kenya bila kusikia habari za watu waliokutwa wamekufa asubuhi, chumba kimefungwa na jiko la makaa liko katikati. Mara nyingine mtu huyo ni askari wa usiku. Watu husimama mbele ya kibanda chake, hutikisa vichwa na kusema, "Maskini, hakujua." Halafu kila mtu huenda kazini kwake. Mimi neno hilo "hakujua" silipendi hata kidogo, kwa sababu humtwika lawama yule aliyekufa, na tajiri wake huachwa bila kuulizwa kitu.

Tuanze na baridi yenyewe. Wako wanaosema Nairobi haina baridi. Wanaosema hivyo saa kumi za usiku wako vitandani. Tembea saa hiyo mwezi wa Julai kutoka Adams Arcade kufuata Ngong Road, utawaona askari mbele ya maduka wamejikunyata kama kuku walionyeshewa. Mbele kidogo, pale Dagoretti Corner, yako makao ya Idara ya Hali ya Hewa pamoja na vipimo vyake. Mahali pale ni karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa hupoa kadiri unavyopanda, kama digrii 6 hivi kwa kila mita 1,000, ndiyo maana mwenzetu wa Mombasa hulinda duka akiwa na shati moja. Kwetu, alfajiri ya Julai kipimo hushuka mara nyingi mpaka digrii 11 au 12 za sentigredi, na siku nyingine chini ya hapo. Tena kumbukeni kwamba kipimo hicho hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye mbavu za mbao, upepo haukipigi wala hakivai viatu vilivyolowa.

Askari mzoefu anajua pia kwamba usiku wa nyota ni mbaya kuliko usiku wa mawingu. Mawingu ni kama blanketi. Yakiondoka, joto ambalo ardhi ililipata mchana hupanda juu na kupotea.

Sasa mwili wa mtu unataka kukaa kwenye digrii 37. Ukishuka chini ya 35 ni hatari: mtu hutetemeka, ulimi huwa mzito, akili hupungua, na mwisho hata kutetemeka huacha. Mtu aliyeketi kimya hutoa joto kama la taa moja ya zamani ya wati 100, basi. Anayetembea hutoa zaidi mara mbili au tatu. Mchukuzi anayepakua lori usiku huo huo hutokwa na jasho, lakini askari ameambiwa akae getini asiondoke. Upepo humwondolea ile hewa ya vuguvugu iliyo karibu na ngozi. Sakafu ya saruji huvuta joto kupitia nyayo. Na nguo ikilowa kwa mvua au umande ni taabu kubwa, maana maji huchukua joto la mwili upesi kuliko hewa kavu mara nyingi sana. Mtu huyu hakuwasha jiko kwa kupenda starehe. Mwili wake ulimlazimisha.

Na hapa ndipo makaa yanapomdanganya. Watu wengi huamini kwamba jiko lenye moshi ndilo baya, na kwamba makaa yakishakuwa mekundu, hayana moshi wala harufu, yanaweza kuingizwa ndani bila hatari. Sivyo. Hewa inayoingia chini ya jiko huungua na makaa na kuwa ile gesi ya kawaida tunayoitoa puani. Gesi hiyo ikipanda kupita katikati ya makaa yenye moto mkali, kiasi cha digrii 700 na zaidi, hugeuka kuwa nyingine, kaboni monoksaidi, nayo ni sumu. Ule mwali wa buluu unaocheza juu ya makaa, ambao mama zetu huupenda kwa sababu sufuria haipati masizi, ni sumu hiyo ikiungua. Mwali wa buluu ukizimika, jiko halikuacha kutoa sumu. Sasa sumu inatoka bila kuungua, na kibandani hakuna pa kutokea.

Haina rangi, haina harufu. Ikiingia mapafuni hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, basi damu inazunguka lakini haibebi kitu. Kwanza kichwa huuma, halafu kizunguzungu, kichefuchefu, miguu hulegea. Askari hudhani ni usingizi na uchovu wa kazi, na anapofahamu kwamba kuna jambo, hana nguvu ya kufungua mlango. Ukimkuta mwenzako hivyo, mvute nje kwenye hewa safi mara moja na umpeleke hospitali apewe oksijeni, hata kama amezinduka na anasema ni mzima. Sumu haimwachi mtu upesi. Kwa hewa ya kawaida, baada ya saa nne au tano bado nusu yake imo ndani ya damu.

(Wake zetu nao wamo katika hatari hii. Kwa urefu wetu huu juu ya bahari maji huchemka kwenye digrii 94 hivi, si 100 kama Mombasa, kwa hiyo maharagwe ya Nairobi hukaa jikoni muda mrefu zaidi, na makaa huwaka muda mrefu zaidi katika chumba kile kile tunacholala.)

Nimewahi kuona ukutani mwa kibanda karatasi imebandikwa: NI MARUFUKU KUWASHA JIKO. Chini ya karatasi hiyo aliketi mzee mwenye koti la kazi jembamba, kola imechanika. Tajiri aliyebandika ile karatasi anaamini amemaliza wajibu wake. Lakini karatasi haimpi mtu joto. Ukimkataza mtu moto, mpe kabuti.

Ukiwauliza habari za kabuti, utaona mpira unavyopigwa. Mwenye duka husema, "Huyu si mtu wangu, ni wa kampuni ya ulinzi." Kampuni husema kibanda ni cha mwenye duka. Ndugu zangu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikubali mchezo huo. Inamwagiza mwenye mahali pa kazi alinde usalama, afya na hali njema ya watu wote wanaofanya kazi hapo, bila kujali ni nani anayewalipa mshahara. Tena mfanyi kazi akimwarifu msimamizi wake juu ya hatari kubwa iliyo karibu, hatakiwi kurudishwa mahali pale mpaka hatari iondolewe. Na palipo na watu 20 au zaidi lazima iwepo kamati ya usalama na afya. Ni kamati ngapi kati ya hizo zimewahi kuingia kibandani usiku?

Sisi wenyewe pia tuna kosa. Tunapokwenda kwenye meza ya mapatano tunapigania mshahara na nyumba, na ni haki, lakini kabuti tunaliona kama jambo dogo la kuombwa kwa adabu. Mimi naona liandikwe katika mapatano pamoja na mshahara: kabuti zito na viatu visivyopitisha maji kabla ya mwezi wa Juni, si mwezi wa Agosti baridi ikienda zake; kibanda chenye sakafu ya mbao, mgongo wake upande wa upepo na tundu la hewa lisilozibwa; birika la umeme, au chupa ya chai ya moto kila zamu; na ruhusa ya kutembea kuzunguka jengo badala ya kuketi kama gunia.

Tajiri mmoja aliniambia gharama ni nyingi. Nilimwuliza makaa ya debe moja yanauzwaje soko la Toi. Hakujua. Askari wake alijua, maana ndiye aliyekuwa akiyanunua kwa mshahara wake.

Mkutano ujao wa tawi kila mjumbe wa askari aje na hesabu ya vibanda vya upande wake, ni vingapi vina jiko ndani na ni askari wangapi hawana kabuti.

Askari wa zamani,
Ngong Road