Chakula cha Mbwa wa Kazi si Makapi

Askari aliyepata kuongoza mbwa hahitaji kuambiwa kwamba mnyama huyo hatumiki kwa hofu. Hutumika kwa ajili ya kile anachokitazamia kazi ikiisha. Wengine huridhika na mpira wa kuchezea, wengine hutaka tonge. Mbwa wadogo walioanza kunusa mizigo katika viwanja vya ndege vya Marekani mwaka 1984 hulipwa chakula. Kwa jirani zetu wa Tanzania, mjini Morogoro, panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini hupewa kipande cha ndizi au karanga kila wanapofaulu; mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia.

Kwa hiyo sioni kichekesho ninapowakuta majirani zangu hapa Area 47, Lilongwe, wakiwaokea mbwa wao wa ulinzi biskuti. Ninachouliza ni kimoja tu: unga umetoka wapi?

Tunayo desturi mbaya. Mahindi yakichambuliwa, punje zilizoota ukungu hutengwa na mtu husema, "Hizi za mbwa." Ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu, sumu isiyoonekana wala kuonjeka, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliwaugusha watu 317 katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya, na 125 kati yao wakafariki. Mbwa ni mwepesi mno kudhurika nayo. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, mbwa zaidi ya 110 waliripotiwa kufa huko Marekani kwa kula chakula cha kiwandani chenye sumu hiyo. Ini ndilo huharibika: mbwa hukataa kula, hulegea, hutapika, na fizi zake hugeuka manjano. Ikifika hapo, askari aliyemfundisha kwa miezi mingi hana tena mwenzake. Ikiwa kiwanda chenye maabara kilikosea, sembuse sisi na magunia yetu ya mahindi na karanga yaliyolala juu ya sakafu yenye unyevu!

Kuoka kwenyewe si kazi ngumu. Unga wa mahindi safi, dagaa wakavu waliooshwa na kutwangwa, yai moja, maji kidogo, basi. Vitunguu, chumvi, sukari na chokoleti havina nafasi humo. Siagi ya karanga ya dukani nayo isomwe karatasi yake kwanza, kwa maana baadhi hutiwa zailitoli, utamu usiomdhuru binadamu lakini unaoweza kumuua mbwa. Donge hukatwa vipande vidogo kama ukucha, huwekwa katika sufuria juu ya makaa machache, na makaa mengine hupaliwa juu ya kifuniko, hadi vipande vikauke kabisa. Kipande chenye majimaji ndani ni shamba la ukungu mpya. Na vyote vya siku visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha mbwa, ama sivyo tutafuga mlinzi asiyeweza kuruka ua.

Najua lipo la kujibiwa. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, leo ina zaidi ya 50,000, na mgao wao umepata kupunguzwa zaidi ya mara moja. Mtu wa huko akisikia habari ya biskuti za mbwa ana haki ya kukunja uso. Nami nakubaliana naye kuhusu mbwa wa mapambo. Lakini mbwa wa lindo ni mtumishi, na gao lake ni konzi ya unga na dagaa wachache kwa juma zima. Kumlisha makapi yenye sumu hakumshibishi mkimbizi hata mmoja.

Limebaki jambo ambalo wasomaji wa ukurasa huu watalielewa upesi kuliko wengine. Biskuti hiyo itolewe na mkono mmoja, wa kiongozi wake, baada ya amri kutimizwa. Mbwa aliyezoeshwa kupokea kutoka kwa kila apitaye langoni atapokea pia nyama ya mwizi, nayo huwa imekwisha kutiwa sumu.