Msimlaumu Mwanafunzi kwa Kuuliza Simu

Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, zina kauli inayorudiwa na wakuu wa vyuo, wahudumu wa afya na hata wazazi: mwanafunzi wa kigeni anayetafuta ushauri wa afya kwenye WhatsApp au TikTok ni mvivu na mjinga, aweke simu chini aende hospitali. Kauli hiyo si kweli, na inaumiza watu.

Mtazameni huyo anayelaumiwa. Ni kijana wa Yei au Morobo, Sudan Kusini, aliyevuka mpaka Oraba, au wa Aru, Kongo, aliyepitia Vurra, akaja kusoma. Lugha zake ni Kiarabu cha Juba, Kilingala au Kiswahili. Homa inampanda usiku. Mabango ya kituo cha afya ni ya Kiingereza, foleni inaitwa kwa Kilugbara. Hajui kama mtu asiye na kitambulisho cha taifa atapokelewa, wala kama atalipishwa. Mwenye swali la mimba, gono au ukimwi ana mzigo wa ziada: kulisema mbele za watu. Kwenye kundi la wenzake wa nyumbani anajibiwa papo hapo, kwa lugha yake, bila kuonekana na yeyote. Uvivu uko wapi hapo?

Dharau hii imelelewa na dola. Mwaka 2018 Rais Museveni aliiona mitandao kuwa uwanja wa umbea, na kuanzia Julai 1 kila aliyeifungua alitozwa shilingi 200 kwa siku. Kodi hiyo iliondolewa 2021, ikaja asilimia 12 juu ya data. Januari mwaka huohuo Facebook ilifungwa, kisha mkesha wa uchaguzi intaneti yote ikakatwa kwa takriban siku tano, korona ikiwa bado inaua. Anayeona mitandao ni umbea mtupu hatapeleka muuguzi huko, na tumeona matokeo yake: uwanja umebaki wa wauza dawa za uongo.

Ndiyo, uongo upo, na unaua. Ujumbe wa sauti unaomwambia mgonjwa wa malaria aache Coartem homa ikishuka, abakize vidonge kwa siku nyingine, ni hatari. Kwanza apimwe, akiwa nayo, mtu mzima humaliza vidonge 24 kwa siku tatu. Lakini ushauri huohuo mbovu hutoka kwa majirani na kwenye vibanda vya dawa, na hatujasikia mtu akitaka mitaa ifungwe. Kinachoushinda uongo ni jibu sahihi linalowahi kufika, kwa lugha ya mwenye kuuliza.

Na jibu hilo halimlindi mgeni peke yake. Mwishoni mwa Juni 2019 mgonjwa wa Ebola alithibitishwa Ariwara, mji wa soko ng'ambo tu ya mpaka wetu. Wakati kama ule, mwanafunzi anayepokea ujumbe wa sauti wa mama yake kuhusu ugonjwa kutoka upande wa pili, akajua nini cha kufanya na habari hiyo na nani wa kumpigia, anawalinda watu wa Arua nzima. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tunamwambia mgeni huyo azime simu.

Kazi ya kufanya haihitaji mabilioni. U-Report, huduma ya UNICEF ya ujumbe mfupi wa bure iliyoanza nchini mwaka 2011, imeonyesha kuwa vijana huuliza wakipewa njia ya bure. Wizara ya Afya ina namba isiyolipiwa, 0800 100 066. Ni chuo gani humpa mgeni namba hiyo siku ya kujisajili? Chuo Kikuu cha Muni kinafundisha wauguzi hapahapa Arua. Waingizwe kwenye makundi ya wanafunzi, wajibu kwa sauti, kwa Kiarabu cha Juba, Kilingala na Kiswahili. Koboko ina utajiri wake: Wakakwa wana ndugu Sudan Kusini na Kongo, hivyo muuguzi mmoja wa Kikakwa anasikika katika nchi tatu.

Mkuu wa chuo anayekemea simu bwenini atuambie mwanafunzi wake amuulize nani saa nane usiku. Kama hana wa kumtaja, amtafute, na namba ya mtu huyo iwe kwenye simu ya kila mwanafunzi mgeni kabla muhula ujao haujafunguliwa.