Mnacheka Krismasi yangu inayoimba?

Wasee wa Malava, hebu tuongee. Nimefunga tawi la saipresi getini. Ukipita, linawaka na kuimba. Jirani akaniambia, "Kumbe uliacha chuo uje uchezee taa?" Huyo huyo amenunua Santa wa plastiki mwenye koti la theluji, na hili jua la Desemba! Santa akiharibika atamtupa, maana hajui ndani mna nini.

Mimi najua. Mna sensori ya PIR, ile HC-SR501, inayohisi joto la mwili likisogea, hadi kama mita 7 hivi. Inakubali volti 5 hadi 20, kwa hivyo betri ya bodaboda ya volti 12 inatosha kabisa. Lakini inatoa volti 3.3 pekee, haiwezi kuwasha taa moja kwa moja, lazima upitishie kwa transista. Hapo niliunguza mbili. (Na usiielekeze kwa jiko, itaimba usiku kucha.)

Chuoni nilikariri transista miaka miwili bila kuishika hata moja. Kwa hivyo chekeni tu. Januari sensori hiyo inahamia banda la kuku la mama. Mwizi akikuja, tutaona kama naye atacheka.