MIKSA ZA DIJITALI ZIMEFIKA KYELA, LAKINI REKODI INABAKI NA NANI?

Leo naomba tuache kidogo siasa na bei ya mpunga. Kuna kitu vijana wengi wa huku mnakiona kila wiki kanisani, kwenye harusi na kwenye mikutano ya injili, lakini sijaona mtu akikaa chini kukichambua. Naongelea miksa za dijitali. Zile ambazo fundi mitambo anasimama katikati ya watu ameshika tableti kama anachati vile, kumbe ndiye anayeendesha muziki wote.

Hapa Ndandalo ukiuliza vijana mashine hizi zina faida gani, jibu ni moja tu: sauti inatoka safi. Sawa, ni kweli. Ila mimi nasema usafi wa sauti ndiyo habari ndogo. Habari kubwa ni kwamba mashine hizi zimevunja ukuta uliokuwapo kati ya jukwaa na studio. Onesho lolote sasa linaweza kuwa rekodi kamili, sauti ya kila mtu peke yake, na kazi hiyo ikaondoka usiku uleule ndani ya laptopu ya mtu mwingine. Na walioimba hawana habari.

Twende taratibu tusije tukaachana njiani.

MASHINE YENYEWE

Miksa ya zamani, ile ya analogia, kila kitufe kilikuwa na kazi yake moja. Maiki zinaingia, fundi anapandisha hii anashusha ile, zinatoka nyaya mbili kwenda kwenye spika. Ukitaka mwangwi unanunua boksi la pembeni. Ukitaka kurekodi unachomeka kaseti au CD kwenye zile nyaya mbili za kutokea. Kama solo alikuwa chini na kinanda kimemfunika, basi imekula kwako milele, maana vyote vimeshachanganyika kama uji.

Miksa ya dijitali inageuza sauti kuwa namba mara tu inapoingia. Mwangwi, kubana sauti zinazoruka, kukata miungurumo, vyote vimo humohumo ndani. Halafu inakumbuka. Ukishapanga sauti za kwaya unahifadhi mpangilio, bendi inapanda na mpangilio wake, kwaya ikirudi unabonyeza mara moja kila kitu kinarudi pale ulipokiacha.

Duniani si kitu kipya. Yamaha walitoa miksa ya dijitali ya 02R mwaka 1995, lakini bei zake zilikuwa za studio kubwa za watu wenye hela zao. Mambo yalibadilika mwaka 2012 Behringer walipotoa X32, chaneli 32, kwa bei ya chini kidogo ya dola 3,000. Miaka michache baadaye wakaja na XR18, kiboksi ambacho hakina hata kitufe kimoja cha kusukuma juu na chini. Unakiacha jukwaani, unakiendesha kwa tableti au simu kwa waifai. Hapo ndipo kanisa la wilayani na kijana wa kukodisha vyombo walipoanza kusema, kumbe na sisi tunaweza.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo wengi hawaijui. XR18 ina tundu la USB. Ukichomeka waya mmoja kwenye laptopu, chaneli zote 18 zinaingia kila moja njia yake. Solo peke yake, sauti ya kwanza peke yake, ngoma peke yake. X32 inatoa 32. Hesabu yake ni rahisi: chaneli moja kwa ubora wa kawaida wa studio (biti 24, kilohezi 48) inakula kama megabaiti 518 kwa saa. Chaneli 16 ni kama gigabaiti 8.3. Yaani ibada nzima inakaa kwenye flashi ya gigabaiti 32 na nafasi inabaki!

KWA NINI KWETU NI JAMBO ZITO

Kwaya ya huku ikitaka kurekodi, mazoea ni kupanda Mbeya mjini. Kutoka Kyela kupitia Tukuyu ni zaidi ya kilomita 100. Watu 30, nauli ya kwenda na kurudi, chakula, mahali pa kulala, hapo hujamlipa mwenye studio hata shilingi. Ndiyo maana kwaya zinachangisha miezi na miezi ili wapate albamu moja. Na mkifika, chumba ni kidogo. Mnaingia kwa zamu, wanne wanne, mnaimba kwenye mdundo ambao prodyuza ameshautengeneza kwa kinanda. Ikitoka kwenye spika mnajiuliza: hivi hii ni kwaya yetu kweli?

Ngoma zetu ndiyo kabisa. Chukua ing'oma ya Wanyakyusa. Mpigaji anamwangalia mchezaji, mchezaji anamsikiliza mpigaji, filimbi inaingia kwa kuitikia miguu. Utaiingizaje kwenye chumba chenye magodoro ukutani, mmoja mmoja, na hedifoni masikioni? Ukiitenganisha hivyo umeshaiua.

Miksa ya dijitali inamaliza tatizo hili, kwa sababu studio ndiyo inayofuata watu uwanjani. Maiki kwa kila ngoma, moja kwa filimbi, mbili kwa waimbaji, watu wacheze wanavyocheza siku zote. Kesho yake mtu anakaa na zile njia 16 anazipanga taratibu. Kwa mara ya kwanza kijiji kinaweza kutoa rekodi ya kiwango bila mtu kupanda basi. Sioni teknolojia nyingine ya muziki yenye maana zaidi kwa watu wa pembeni kama sisi.

Lakini...

TULISHAWAHI KUONA SINEMA HII

Mwaka 1950 Mwingereza mmoja aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, Hugh Tracey, alizunguka Tanganyika na Kenya na mashine yake akirekodi nyimbo na ngoma za makabila. Mwaka 1954 akaanzisha ILAM, maktaba ya muziki wa Kiafrika, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes huko Afrika Kusini. Alifanya kazi kubwa, bila yeye nyingi zingepotea. Ila angalia kilichotokea kwa Wakipsigis wa Kenya. Aliwarekodi mwaka 1950, na nakala zilirudishwa kijijini mwaka 2015. Miaka 65! Kuna walioimba wakiwa vijana wakaisikia rekodi yao wakiwa wazee, na kuna waliokufa hawajaisikia kabisa.

Njoo hapa nyumbani. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi zilikuwa zinaingia studio, zinapiga kwa pamoja mbele ya maiki chache, kanda inabaki redioni. Bila RTD tusingekuwa na NUTA Jazz wala Mlimani Park masikioni mwetu leo. Lakini mwanamuziki alitoka na sifa, kanda ikabaki kabatini. Baadaye nyimbo zilezile zikauzwa mitaani kwenye kaseti za kudurufu, na wazee wengi hawakuona senti. Likaja zama la studio za Bongo Flava. Huko nako mafaili ya kazi yanakaa kwenye kompyuta ya prodyuza. Mkikosana, huna wimbo.

Mnaona mtiririko? Mashine zimebadilika mara tatu, lakini kila mara aliyebaki na kanda ni mwenye mashine. Miksa ya dijitali ni mara ya nne, na safari hii kuna tofauti moja mbaya. Zamani ulijua unarekodiwa maana ulifunga safari kwenda studio. Leo unarekodiwa ukidhani unaimba tu.

YALIYONIKUTA

Kwaya ninayoimba tulialikwa kwenye mkutano mmoja mkubwa. Mwenye vyombo (simtaji, si lengo langu) alikuwa na miksa ya kisasa na laptopu pembeni. Tukaimba, watu wakafurahi, tukarudi nyumbani. Wiki chache baadaye wimbo wetu ukawa unazunguka kwenye magrupu ya simu, umepangwa vizuri kabisa, na jina la biashara ya yule bwana limeandikwa juu ya video. Jina la kwaya halipo. Tulipoomba yale mafaili tukaambiwa tulipie kama wateja wengine. Kulipia sauti zetu wenyewe, wajameni!

Sasa sheria inasemaje? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hiyohiyo iliyoanzisha COSOTA, inamlinda mtunzi wa wimbo na pia inamlinda anayeimba au kupiga. Kurekodi onesho lako kunahitaji ruhusa yako. Ila sheria hiyohiyo inampa haki zake na mtayarishaji wa rekodi. Kwa hiyo kila upande una kitu cha kushika mkononi. Mkikaa kimya bila makubaliano, anayeshinda kivitendo ni mwenye faili. Nani wa Ndandalo atafunga safari kwenda kugombania wimbo mmoja wa kwaya?

TUWE WAKWELI KWA MWENYE VYOMBO PIA

Najua kuna wadau watasema, we jamaa unawaonea watu. Hapana, nawaelewa. Kijana amekopa, amenunua miksa, maiki, spika na jenereta. Joto la Kyela na unyevu wa ziwani vinakula vyombo kuliko unavyofikiria. Umeme ukikatika, miksa ya analogia ikirudishiwa moto inaongea palepale, lakini ya dijitali inaanza kuwaka upya kama kompyuta, waifai nayo inatafutana na tableti, watu wanapiga miluzi. Kwa hiyo lazima awe na UPS. Waifai ya ndani ya kile kiboksi ikikutana na simu mia tatu za waumini inazidiwa, lazima anunue ruta ya pembeni au avute waya. Hizo zote ni gharama, na kukaa usiku mbili tatu unapanga njia 16 ni kazi ya kichwa. Alipwe.

Tatizo langu ni kwamba bei ya kukodi vyombo na bei ya rekodi zimechanganywa. Mkilipa vyombo, mmelipia kusikika siku ile. Rekodi ni biashara nyingine na inatakiwa iongelewe peke yake, kabla maiki haijawashwa.

KWA HIYO TUFANYEJE

Mimi naona karatasi moja inatosha, wala haihitaji wakili. Kwanza iandikwe kama onesho litarekodiwa au la. Pili, nakala ya njia zote, zikiwa bado hazijachanganywa, ikabidhiwe usiku uleule kwenye diski ya kwaya au ya kikundi cha ngoma. Tatu, nani anaruhusiwa kuipandisha mtandaoni, na kwa jina gani. Nne, ikiingiza hela inagawanywaje. Pande zote zinasaini, kila mmoja anabaki na yake. Mwenye vyombo mwaminifu ataipenda karatasi hii maana inamlinda na yeye.

Halafu kila kwaya itoe kijana mmoja, wa kike au wa kiume, ajifunze. Programu za kuendesha miksa hizi zinapatikana bure, unaweza kuzifungua kwenye simu au kompyuta ukaanza kuzizoea hata kama miksa huna. Ukiwa umekaa kwenye intaneti kafe, badala ya kumaliza saa nzima kwenye udaku, tumia robo saa hapo. Jifunze kitu kimoja tu kwanza: kupanga sauti inayoingia isiguse nyekundu, maana kwenye dijitali ikipasuka imepasuka, hakuna fundi wa kuirudisha. Na nakala ziwe mbili, sehemu mbili tofauti. Flashi moja kwenye droo ya katibu wa kwaya hiyo si maktaba, hiyo ni bahati nasibu.

Kuna jamaa aliniambia hayo yote ni kujisumbua, kwa sababu siku hizi kuna programu za akili bandia zinazoweza kuchomoa sauti ya mwimbaji kutoka kwenye wimbo wowote uliokwisha kuchanganywa. Ni kweli zipo. Lakini hilo linanipa hofu zaidi. Kama sauti iliyochomolewa kwa kubahatisha inatosha kumuiga mtu, je, ile iliyorekodiwa peke yake, safi, saa nzima? Yule mama anayeongoza solo kwenye kwaya yako, sauti yake nzima iko kwenye laptopu ya mtu ambaye hamjawahi kusaini naye hata mstari mmoja.

Siwaambii mziogope miksa hizi. Zikodini, zinunueni kama mnaweza, rekodini ing'oma za wazee wakiwa bado wana nguvu ya kuzipiga. Ila kabla hamjapanda jukwaani ulizeni swali dogo tu: bwana fundi, hiyo laptopu inarekodi? Na nakala yetu iko wapi?

Nawasilisha. Mnaoendesha vyombo mje hapo chini mjitetee, na wanakwaya mseme yaliyowakuta (majina ya watu tuyaache). Matusi sitayaweka.