Kovu Nililolificha Miaka Mitatu

Mwezi huu acha nikupe siri yangu. Mwenzio kwa miaka mitatu sikuwahi kubana nywele mbele ya mchumba wangu. Joto la Dar lipande lisipande, wivingi lazima ishuke mpaka mabegani. Kisa? Kovu nyuma ya sikio. Lilianza kama punje ya harage baada ya kutoboa tundu la pili.

Kosa la kwanza, nikalipaka mkorogo. Ngozi ya pembeni ikababuka, kovu likabaki palepale. La pili, nikaenda kulikata. Halikumaliza mwaka, likarudi kubwa zaidi!

Daktari wa ngozi ndiye aliyenifungua macho. Kovu la kawaida haliuvuki mpaka wa kidonda, na huendelea kufifia kwa mwaka mzima au zaidi. Langu ni keloidi: mwili unatengeneza kolajeni kupita kiasi, kovu linaota hadi nje ya jeraha. Sisi wenye ngozi nyeusi ndio linatupata zaidi, hasa masikioni, kifuani na mabegani, na mara nyingi linatembea kwenye ukoo. Ukilikata bila tiba nyingine, aghalabu linarudi.

Nikaanza sindano za steroidi, zinachomwa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki nne hivi. Zinauma, sikudanganyi, ila lilisinyaa. Wengine hupewa karatasi za silikoni, wanazibandika saa 12 au zaidi kwa siku kwa miezi 2 au 3. Zile alama nyeusi za chunusi ni habari nyingine: usitumbue, paka losheni ya kuzuia jua, vuta subira. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni achana navyo kabisa, Tanzania vimepigwa marufuku. Na kama una asili ya keloidi, shosti, usitoboe tena.

Sasa siku ya sindano ya kwanza nilihitaji mtu wa kunisindikiza. Nikajikaza, nikafunua nywele, nikamwonyesha. Akaangalia kidogo, akashusha pumzi.

“Kumbe ni hiki? Kila nikikushika shingo unaruka. Miaka yote nilijua hupendi nikuguse.”

Jamani! Kovu lilikuwa langu, kumbe aliyekuwa anaumia ni yeye. Kama nawe unaficha, mwambie leo. Kisha muende wote kwa daktari.